Muulize Bibi Muuguzi: Kitanda cha rimoti na mama asiyekitaka

Shikamoo Bibi Muuguzi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Ilazo, Dodoma. Mama yangu ana miaka 74. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Sasa anatembea ndani kwa mkongojo na anakula mwenyewe, lakini kuinuka kitandani ndiyo vita. Usiku ananiamsha mara mbili au tatu nimwinue aende chooni, na saa kumi na moja mimi natakiwa niwe macho niwahi basi la Mtumba. Ana sukari pia, na jioni miguu inavimba. Kaka yetu yupo Dar, anataka kutuma fedha tuagize kitanda cha rimoti kinachoinua kichwa na miguu, chenye masaji na taa kwa chini. Dada yetu anasema tununue kile cha hospitali cha kuzungusha kwa mkono. Mama mwenyewe hataki hata kimoja, anasema kitanda cha namna hiyo ni cha kufia. Chumba chake ni mita tatu kwa tatu, umeme kwetu unakatika, na analala na chandarua. Tufanye nini?
Binti wa Mama, Ilazo

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu habari ya kitanda nimeipitia mara mbili: miaka 31 wodini, kisha miaka miwili chumbani kwangu hapa Makole na mzee wangu, ambaye kiharusi kilimshika kushoto vilevile.

Nianze na mama. Hilo neno lake msibishane nalo. Watu wa rika lake kitanda kinachoinuka kichwa wamekiona mahali pamoja tu: wodini, cha chuma, rangi imebanduka, na aliyekilalia pengine hakurudi nyumbani. Mzee wangu, chetu kilipoingia ndani na cha zamani kikatolewa, alilala siku nne kwenye kochi la sebuleni. Siku ya tano nikakitandika shuka zake mwenyewe, nikaweka redio yake upande wa mkono mzima, nikanyamaza. Usiku alihamia mwenyewe, asubuhi tukajifanya hatukuona. Kwa hiyo mkifikia kununua, mbao kichwani na miguuni ni bora kuliko chuma cheupe, na mama ndiye achague. Mpelekeni akilalie. Iwe robo saa nzima, avue viatu, ajifunike kanga yake, rimoti ashike yeye. Duka lisilotaka mama alalie kitanda anachouziwa, liageni mwende zenu.

Kabla ya duka kuna kazi ya usiku mmoja. Mama akikuita, usikimbilie kumkamata kwapani. Washa taa, simama karibu asianguke, uone anakwama wapi. Kutoka kulala hadi kusimama kuna vituo vitatu: kujigeuza ubavu, kuketi ukingoni, kusimama. Akikwama kwenye kuketi, kitanda cha kuinua kichwa kitamsaidia kweli, kinamfikisha nusu ya safari. Akikwama kwenye kusimama, mota ya kichwa haimsaidii chochote; anachohitaji ni kimo. Na hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Watakuonyesha masaji, watakuonyesha mkao wa kutazama televisheni, lakini vitanda vingi vya rimoti vya nyumbani vinakunja tu. Kinachopanda na kushuka chote kwa pamoja ni aina nyingine na bei nyingine. Uliza hivi: "Kitanda chote kinapanda?" Ukijibiwa "kinainuka," rudia swali.

Kimo unakipima hivi. Mama aketi kwenye kiti akiwa amevaa ndala anazoendea chooni. Chukua futikamba, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Wengi watakuwa kati ya sentimita 40 na 50. Halafu mkalishe ukingoni mwa kitanda chake cha sasa, upime kutoka sakafuni hadi pale alipokalia, godoro likiwa limebonyea. Hivi vitanda vya siku hizi vya maseremala wetu vimekuwa vifupi mno, chaga zinakaribia kugusa sakafu, na godoro likishalegea mgonjwa anaamka kutoka shimoni. Cha mzee wangu kilitoa sentimita 36. Wakati tunasubiri cha umeme kifike, seremala akaongeza matendegu sentimita 11 kwa elfu ishirini, na usiku uleule mzee akasimama mwenyewe. Nilikasirika kuliko nilivyofurahi, maana fedha ya kitanda cha umeme nilikuwa nimeshailipa.

Hicho cha umeme kilikuwa cha mtumba kutoka Marekani, chenye mota mbili. Muuzaji namhifadhi jina. Kosa la kwanza lilikuwa langu: sikusoma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Vitanda vingi vipya vina adapta iliyoandikwa 100–240V, hiyo haina tatizo, ni kutafuta plagi tu. Kikiandikwa 120V peke yake, ukikichomeka ukutani utakichomeka mara moja, ya pili haipo. Fundi akanifungia transfoma, ikawa inavuma uvunguni usiku kucha kama friji mbovu. Kingetoka Uingereza ningepona na hilo, maana plagi yao ya pini tatu bapa ndiyo hii yetu.

Kosa la pili lilimuumiza mzee. Ilikuwa usiku wa Februari, mvua na radi, na tulikuwa tumemwinua karibu kuketi kwa sababu ya kikohozi. Umeme ukakatika, kitanda kikabaki palepale. Vitanda vya aina ile huwa na kikasha cha betri mbili ndogo za volti 9, za kukishushia umeme ukizima. Kikasha nilikikuta, betri hazikuwemo, na sikuwahi kukifungua tangu siku ya kununua. Nilikuwa na binti wa kazi tu. Tukamvuta juu, akateleza. Tukamvuta tena, akateleza tena. Umeme ulirudi alfajiri. Nilipomgeuza, pale kwenye mfupa juu ya mfereji wa makalio palikuwa na alama nyekundu, ukubwa wa kizibo cha soda. Nikaibonyeza kwa kidole, haikufifia. Muuguzi yeyote anajua maana yake. Kidonda kile kilitula miezi mitatu.

Mnaouguza nyumbani, jambo hili mlishike. Mtu akiinuliwa kichwa bila magoti, anateleza kwenda miguuni. Ngozi inabaki imeshikwa na shuka, mfupa unashuka na nyama ya ndani. Shika ndizi iliyoiva sana, ng'ang'ania ganda, sukuma kilichomo: ndivyo inavyokuwa. Kidonda kinaanzia ndani, hujakiona bado. Huu mkao wa kuinua kichwa sisi wauguzi tunauita mkao wa Fowler, kwa jina la George Ryerson Fowler, daktari mpasuaji wa Marekani aliyeueleza mwaka 1900 kwa wagonjwa wenye usaha tumboni, ili usaha ushuke kwenye nyonga. Mwaka 1909 Mmarekani mwenzake, Willis Gatch, akatoa kitanda kinachokunjika pawili, kwenye nyonga na kwenye magoti. Ule mkunjo wa magoti ndio breki. Kwa hiyo inua magoti kwanza, kidogo tu, ndipo kichwa. Wakati wa kushusha, kichwa kwanza, magoti yafuate. Ukishamwinua, mvutie mbele kidogo mgongo uachane na godoro, kisha mrudishe. Shuka iliyokuwa imevuta ngozi inaachia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, kitanda kiwe cha rimoti kisiwe cha rimoti.

Kwa kulala usiku, kama hana shida ya pumzi, asipite nyuzi 30, yaani theluthi ya njia kutoka kulala hadi kuketi. Wakati wa kula ni kinyume: aketi wima kabisa, na abaki hivyo nusu saa baada ya tonge la mwisho. Kiharusi huvuruga kumeza, na ugali wa mlenda unateleza kabla koo halijajiandaa.

Godoro ndilo linalowaponyoka wengi. Yetu yana futi sita, yaani sentimita 183. Vitanda vingi vya nje vina sentimita 190 hadi 203. Weka godoro la kwetu juu ya fremu hiyo, miguuni panabaki shimo, na mguu uliolegea ndio utakaoangukia humo, maana hauna habari. Kwa upana ni kinyume: fremu za hospitali zina kama sentimita 90, godoro letu la tatu na nusu lina 107, litaning'inia pembeni na mama akikaa ukingoni litammwaga. Nunueni kitanda na godoro lake, au pelekeni vipimo kwa wakata sponji. Sponji nzito ya inchi sita inatosha. Godoro la springi za kawaida halipendi kukunjwa, na lililo nene sana linagoma kufuata mkunjo, linajenga nundu mgongoni.

Vizuizi vya pembeni, mimi navitaka nusu, upande wa kichwani tu, ashikie akijigeuza. Vikiwa virefu mwili mzima, mzee aliyechanganyikiwa usiku anavipanda, na anaanguka kutoka juu zaidi ya ambavyo angeanguka bila hivyo. Nafasi kati ya chuma na chuma iwe chini ya sentimita 12, kipimo kilichomo kwenye mwongozo wa mwaka 2006 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Kichwa cha mtu kisipite. Kitanda kikae mama akitokea upande wake wenye nguvu, wa kulia, na hapo pabaki sentimita 90 za kupita. Nyuma ya kichwa acheni nafasi ya kiganja, vinginevyo fremu ikipanda itakwangua ukuta. Magurudumu yawe na breki. Na hili vumbi letu la kiangazi, futeni mota kwa kitambaa kikavu. Mkizimiminia mafuta, vumbi na mafuta vitageuka msasa.

Mota nyingi zina maandishi madogo: 2 min / 18 min. Maana yake ifanye kazi dakika mbili, ipumzike kumi na nane. Wajukuu wakigeuza kitanda bembea, mota itaungua Jumamosi moja tu. Na umeme ukirudi huja kwa kishindo, kwa hiyo weka kilinda umeme kama cha friji.

Chandarua kining'inizwe darini, si kwenye kitanda. Kichwa kikipanda, chandarua kilichochomekwa chini ya godoro kinavutwa na kuchomoka, na mbu hawahitaji mlango mkubwa. Chukueni kipana kuliko kitanda, kichwani kiachwe kidondoke hadi sakafuni, mchomeke kuanzia nyonga kwenda miguuni tu.

Kuhusu miguu nitakuomba usiwe na haraka. Anayevimba jioni watu wote watakwambia mwinue miguu. Lakini mwenye sukari huenda mishipa ya kupeleka damu miguuni imeziba, na ukiinua unamnyima hata ile kidogo. Kama mguu ukiinuliwa unapauka na kuuma, na ukining'inia unapata nafuu, usiinue. Kama ni moyo unaochoka, miguu juu huku amelala chali inaweza kumkosesha pumzi. Na kama anameza amlodipini kwa presha, dawa hiyo yenyewe huvimbisha miguu. Daktari ashike mapigo ya nyayo na asikilize moyo kabla hamjachezea kitufe cha miguu. Dawa msiziache kwa uamuzi wenu.

Sasa kaka na dada. Kitanda cha dada kina sifa moja kubwa, hakiulizi LUKU ina uniti ngapi. Lakini ile hendo ya kuzungushia iko miguuni. Nani atainama kuizungusha saa nane usiku? Mama aliyelala hawezi kuifikia. Utaamka wewe, kama unavyoamka sasa, na mgongo utauma juu yake. Cha kaka kinamweka mama na rimoti mkononi, hapo ameona mbali. Ila ile fedha ya masaji na taa aihamishie kwenye kimo, na betri za kushushia muzione kwa macho, muzitie, mzime swichi ya ukutani na mkishushe kitanda mbele ya muuzaji kabla hajalipwa.

Lakini mwezi huu msinunue. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mama hakuamshi kwa sababu ya kitanda, anakuamsha kwa sababu ya choo. Kwanza pandisheni kimo cha kitanda alichonacho. Fundi afunge kishikio imara kwenye mfumbati, upande wa kulia. Nunueni kiti cha choo kikae kando ya kitanda usiku, na taa ndogo ya ukutani. Muulizeni daktari kama kuna dawa ya kukojosha anayoimeza jioni ambayo ingehamia asubuhi, na sukari ipimwe, maana ikipanda nayo inakojosha. Halafu kaka apande treni ya SGR Ijumaa, alale chumbani kwa mama usiku mbili, rimoti awe yeye. Jumapili akirudi Dar ndipo mzungumzie kuagiza.

Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Nkuhungu, napeleka mizigo Kahama. Nikilala nyumbani kiungulia kinaniamsha, lakini nikilala kwenye lori, kiti nikikiegemeza nusu, nalala vizuri. Nimeona kitanda cha rimoti cha sita kwa sita, nimekipenda. Mke wangu anasema hawezi kulala ameketi nusu kwa ajili ya tumbo langu. Nikinunue?
Dereva, Nkuhungu

Marahaba. Mke wako ana haki, na wewe jibu ulishalipata kwenye lori: kifua kikiwa juu ya tumbo, tindikali inabaki inakotakiwa.

Usinunue kitu bado. Tafuta vipande viwili vya mbao ngumu vyenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, uvichimbe kidogo juu ili tendegu lisiteleze, uviweke chini ya matendegu mawili ya mchago. Kitanda kizima kinakuwa na mteremko, hakuna anayekunjwa, na mkeo baada ya siku tatu atakuwa ameuzoea. Kuongeza mito sicho ninachokwambia. Mito inakunja shingo na kiuno, tumbo linabanwa, na kiungulia kinaongezeka. Kama mteremko nao ameukataa, mkata sponji akukatie kabari yako peke yako, kichwani sentimita hizo hizo, ianzie kiunoni, si mabegani.

Lala ubavu wa kushoto. Na chipsi mayai za saa tano usiku baada ya kushusha mzigo, hizo naomba tusidanganyane. Chakula cha mwisho kiwe muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala.

Ukifanya haya mwezi mzima na bado unataka rimoti, ulizia vitanda pacha: fremu mbili za futi tatu zilizowekwa bega kwa bega, kila mmoja na mota zake na rimoti yake. Katikati panakuwa na ufa. Huo ufa kazungumze na mkeo, mimi simo.

Ila ukiona chakula kinakwama kooni, unapungua uzito bila sababu, choo ni cheusi kama lami au unatapika damu, hilo si suala la kitanda, nenda hospitali. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani huku jasho likikutoka, usiyaite kiungulia hata kidogo. Egesha lori, upelekwe saa hiyo hiyo.

Mbukwenyi Bibi Muuguzi! Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kizota. Jirani ameniomba nimtengenezee mjomba wake kitanda cha kuinua kichwa kwa mkono. Mzee alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, muda mwingi yuko kitandani. Skwea paipu ninazo na bawaba ninazo. Swali langu ni moja, bawaba niiweke wapi?
Fundi, Kizota

Mbukwenyi fundi. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo, na ndilo lenyewe.

Mafundi wengi huiweka kiunoni, kwa kukadiria kwa macho. Matokeo yake mgongo ndio unaokunjika, mzee anakaa kama kamba ya mnada iliyotupwa, na kifua kinabanwa. Bawaba iwe kwenye nyonga. Mlaze mjomba chali, papasa ubavuni kwenye paja la juu mpaka ukute mfupa uliochomoza, uupapase upande ambao haukuvunjika. Pima kutoka utosini hadi hapo. Mzee wangu, ambaye hakuwa mrefu sana, alikuwa na sentimita 78. Ongeza upana wa kiganja juu ya kichwa, hapo ndipo bawaba ya kwanza. Baada yake acha sehemu ya kukalia isiyosogea, kama sentimita 20, kisha sehemu ya paja na bawaba nyingine nyuma ya goti. Ukimtengenezea ya kichwa bila ya goti atateleza. Soma nilichomjibu binti wa Ilazo hapo juu.

Kabla hujakata chuma, jirani amuulize daktari mjomba anaruhusiwa kukunja nyonga kiasi gani. Waliowekewa nyonga bandia mara nyingi hukatazwa kupita nyuzi 90 kwa muda, na kitanda kinachomwinua kupita kiasi kinaweza kuichomoa. Weka kizuizi cha chuma pale pa mwisho, ili hata mgeni asiyejua asipitilize.

Kuhusu kuinulia, gongo lenye meno ni rahisi, lakini anayeinua anabeba kiwiliwili chote kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta jino. Ukiweza, tumia skrubu ndefu kama ya jeki ya gari, yenye hendo inayokunjwa kuingia uvunguni. Ikibaki nje, watu watajigonga miundi. Skrubu ina faida nyingine: ukiachia hendo, kichwa hakishuki. Kama utatumia gongo, yawe mawili, kulia na kushoto, uyaunge kwa paipu moja, fremu isipinde upande. Kichomelee kibebe mjomba na mtu mwingine aliyekaa ukingoni, kwa sababu wageni watakaa tu, hata ukiandika.

Chaga zisiachane zaidi ya vidole vinne, vinginevyo sponji inazama katikati. Miisho ya paipu izibe kwa mpira. Rangi iwe ya mafuta, mikono miwili, maana mkojo unakula chuma kuliko mvua. Piga msasa kila ulipochomelea, hasa karibu na bawaba, mahali ambapo shuka itakwaruzwa na vidole vya anayeuguza vitapita gizani.

Kikikamilika usikipeleke siku hiyo. Tandika godoro, ulale wewe, ulegeze mwili kama mgonjwa, msaidizi wako akuinue na kukushusha mara kumi. Halafu mbadilishane.